"Strict" si mkali



Tangu mwezi wa kenda tunaitwa jina moja: "bale ba-strict". Lilitoka katika somo la Kiingereza, likafika uwanjani, na leo hata watoto wa darasa la saba wanalijua. Sisi wakuu wa madarasa hatukukasirika. Lakini tulitaka kujua tunatukanwa nini, njo tukaenda kufungua diksionere kubwa ya biblioteke.

Kwa lugha yetu mtu wa namna hiyo ni mkali. Kali ni neno la kisu, la pilipili, la jua la mwezi wa kumi. Inakata, inachoma. "Strict" haitoki huko hata kidogo. Inatoka katika Kilatini, stringere, ni kusema kukaza, kufunga kitu na kukivuta mpaka kinabana. Ni neno la kamba. Kifaransa nacho kina mtoto mwingine wa neno lile lile: étroit, chembamba. Waingereza wakalipokea hilo wakafanya "strait", ndilo liko katika Biblia yao ya 1611, pale Matayo 7 penye mlango mwembamba. Hata Detroit, mji wa magari kule Marekani ulioanzishwa na Wafaransa mwaka 1701, ni jina la mahali maji yanapita kati ya kingo mbili zilizokaribiana. Na distrikti! Wazee wangali wanasema distrikti ya Lualaba, ingawa tangu 2015 tuko provinsi. Zamani hilo lilikuwa eneo ambalo bwana aliweza kuwashika watu kwa sheria yake.

Moja lilitushangaza zaidi. Waingereza wana "distress", taabu, nalo ni la ukoo huo. Na dhiki yetu imetoka katika Kiarabu, katika neno la mahali pasipo na nafasi. Watu wasiojuana, wazo moja.

Basi, kamba. Hapa Kolwezi nani haijui? Mchimbaji wa mkono anashuka katika shimo na kamba, mwenzake anabaki juu. Ikilegea, ni kifo. Lakini mtazame yule wa juu: mikono yake nayo imefungwa, hawezi kwenda kunywa chai. Kamba iliyokazwa inawabana wote wawili. Kisu hakimbani anayekishika.

Hapa tuseme kweli. Mwezi uliopita, siku ya mvua kubwa, tulifunga mlango saa moja na nusu, na wanafunzi waliotoka Manika kwa miguu wakabaki inje wakilowa. Vema, sheria ni sheria. Lakini mmoja wetu alifika nyuma yao, nasi tukamfungulia mlango mdogo wa jikoni. Wadogo waliona. Mmoja alisema tu, "Bo beko na mulango yabo." Hatukuwa na la kumjibu. Siku ile hatukuwa strict, tulikuwa wakali, basi.

Kwa hiyo tumemwomba prefe mambo mawili: ufunguo wa mlango wa jikoni ukae kwake, na mkuu wa darasa akichelewa jina lake libandikwe ukutani pamoja na ya wengine. Mwenzetu mmoja hakupenda (ni yule yule wa mvua). Prefe alikubali. Jumatatu hii, majina mawili ya kwanza kwenye karatasi yalikuwa yetu.