Mwizi mmoja wa Baltimore na rekodi za simu za Marekani nzima

Wiki hii sitaandika juu ya Linux wala PHP. Nataka tuzungumzie katiba, tena katiba ya Marekani, lakini vumilieni kidogo maana mtaona sijaenda mbali na tarakilishi.

Nikiulizwa ni hukumu gani ya mahakama ya Marekani ambayo kila mwandishi wa programu anafaa kuisoma, sitataja kesi ya Microsoft wala ya Apple. Nitataja kesi ya mwizi wa Baltimore.

Mwaka 1976 mwanamke mmoja aliporwa katika mji huo. Akawaeleza polisi sura ya mwizi na gari aliloliona karibu na pale, Monte Carlo. Baada ya hapo akaanza kupigiwa simu za vitisho na mtu aliyejitambulisha kuwa ndiye mwizi mwenyewe. Siku moja akaambiwa atoke barazani, na alipotoka akaliona gari lile lile likipita polepole mbele ya nyumba. Polisi nao wakaliona mtaani, wakachukua nambari ya usajili, nambari ikawapa jina. Siku iliyofuata waliiomba kampuni ya simu iweke kifaa cha kunakili nambari zote zinazopigwa kutoka kwa simu ya nyumbani kwa mshukiwa. Siku hiyo hiyo simu yake ilimpigia yule mwanamke. Wakaenda kuipekua nyumba yake, sasa wakiwa na kibali, na wakapata kitabu cha simu chenye ukurasa uliokunjwa kwenye jina la mama huyo. Jamaa akafungwa miaka 6.

Kazi nzuri ya polisi, hakuna ubishi. Ila kile kifaa kiliwekwa bila kibali cha mahakama, na mwizi akakata rufaa mpaka Mahakama ya Juu. Kesi inaitwa Smith dhidi ya Maryland, na hukumu ilitolewa mwaka 1979.

Hapa inabidi turudi nyuma kidogo. Marekebisho ya Nne ya katiba yao, yaliyoidhinishwa mwaka 1791, yanawalinda watu, nyumba zao, karatasi zao na mali zao dhidi ya upekuzi usio na sababu ya haki. Yanadai pia kwamba kibali kiwe na msingi, na kitaje hasa mahali pa kupekuliwa na kitu kinachotafutwa. Hayo hayakuandikwa na watu waliokuwa wakiota ndoto. Maafisa wa forodha wa Uingereza walikuwa na hati iliyowaruhusu kuingia nyumba yoyote au ghala lolote kutafuta magendo, bila kutaja ni nyumba ya nani. Mwaka 1761 wakili James Otis alizipinga hati hizo mahakamani huko Boston. Alishindwa kesi, lakini hasira ile ilibaki. Mwaka 1967, katika kesi ya Katz, FBI walikuwa wamebandika kinasa sauti nje ya kibanda cha simu ili kumsikiliza mcheza kamari, na Mahakama ya Juu ikasema kwamba kinacholindwa ni watu, si mahali tu. Ukifunga mlango wa kibanda na kulipa senti zako, una haki ya kutarajia kwamba maneno yako hayataenda kwa serikali.

Ungedhani basi mwizi wa Baltimore angeshinda. Alishindwa, majaji 5 kwa 3. Hoja ya walio wengi ilikuwa rahisi: ukipiga nambari, unaipa kampuni ya simu kwa hiari yako. Ukishampa mtu wa tatu habari, huwezi tena kudai ni siri yako, na serikali ikiichukua kwa mtu huyo hujapekuliwa wewe. Walikuwa wamesema vivyo hivyo kuhusu rekodi za benki mwaka 1976. Jaji Thurgood Marshall alipinga. Alisema hilo si hiari hata kidogo, kwa kuwa mtu hana njia ya kukwepa simu katika maisha ya siku hizi isipokuwa akubali kuishi bila simu kabisa. Mwaka 1979 huo! Marehemu Marshall hakuwahi kuiona WhatsApp.

Sasa tuitazame hoja ya wale watano kwa jicho la mtu anayeandika programu.

Kifaa cha 1976 kiliwekwa kwa laini moja, ya mtu mmoja aliyekuwa tayari anashukiwa kwa kosa linalojulikana. Kama polisi wangetaka kuwafuatilia watu 1,000 wangehitaji vifaa 1,000, mafundi wa kuvifunga, na askari wa kuketi kusoma karatasi zake. Gharama yenyewe ilikuwa ulinzi, ingawa hakuna aliyeiandika katika hukumu. Leo kila simu inajiandikia mstari wake katika hifadhidata ya kampuni: aliyepiga, aliyepigiwa, saa, muda waliozungumza, mnara uliotumika. Kampuni inauandika kwa ajili ya bili. Kunakili mistari bilioni moja hakumchoshi mtu kuliko kunakili kumi. Ni amri ile ile, ukishaondoa kile kipande kidogo kinachosema "ya mtu fulani tu".

Na kipande hicho ndicho kilichoondolewa. Tarehe 5 Juni 2013 gazeti la Guardian lilichapisha amri ya siri iliyoitaka kampuni ya Verizon ipeleke kwa shirika la kijasusi la NSA, kila siku, rekodi za simu zote zilizopita kwenye mitambo yake, za ndani ya Marekani na za kwenda au kutoka nje. Si za washukiwa, za kila mtu. Amri hiyo ilitolewa na mahakama maalum ya ujasusi inayokaa faraghani, ambayo ilikuwa ikisikiliza upande wa serikali peke yake. Sheria iliyotumika ilikuwa kifungu cha 215 cha Patriot Act ya 2001. Na walipotakiwa kueleza vipi jambo hilo linapatana na Marekebisho ya Nne, walitoa jibu gani? Smith dhidi ya Maryland. Mwizi wa Baltimore na simu yake moja.

Desemba 2013 jaji Richard Leon wa Washington alisema mpango huo una kila dalili ya kuvunja katiba, na kwamba hukumu ya 1979 haiwezi kubeba mzigo wa aina hiyo. Siku 11 baadaye, jaji William Pauley wa New York akasema mpango ni halali, kwa kuwa hukumu ya 1979 bado ipo. Nchi ile ile, katiba ile ile, mwezi ule ule. Mimi naona Leon ndiye aliyeelewa tarakilishi.

Wapo wanaosema "lakini maneno hayakunaswa, ni nambari tu". Ninayafanyia kazi majedwali kila siku, na nawaambia nambari tu ndizo zenye umbea mwingi. Mtu anapiga simu kwa daktari wa saratani saa tatu asubuhi, kisha kwa mamake, kisha kwa kampuni ya bima, kisha kwa wakili wa mirathi. Sijasikia neno hata moja na tayari najua asubuhi yake ilikuwaje. Tena maneno ni vigumu kuyachambua. Watu hukohoa, hutania, huchanganya lugha. Nambari hazitanii.

Halafu kuna hesabu ya hatua. NSA walikuwa wakianza na nambari moja ya mshukiwa, wanachukua wote aliowasiliana nao, kisha wote waliowasiliana na hao, kisha tena mara ya tatu. Tuseme kila mtu ana watu 40. Hatua ya kwanza ni 40, ya pili 1,600, ya tatu 64,000. Obama alizipunguza ziwe 2 mwaka 2014. Mwezi huo huo wa Januari, bodi ya serikali yao wenyewe inayosimamia faragha iliripoti kwamba haikupata hata tishio moja dhidi ya Marekani ambalo uchunguzi wake ulibadilishwa matokeo na mpango huo. Mwaka 2015 Congress ikapitisha sheria ya kuusimamisha ukusanyaji wa jumla, na kifungu chenyewe cha 215 kikaisha muda Machi 2020.

Naijua hoja ya upande wa pili, nayo si ya kijinga. Yule mama wa Baltimore alikuwa akitishwa nyumbani kwake. Kuna mtu angetaka polisi waketi wakisubiri jaji aamke? Lakini soma kisa tena. Polisi walikuwa na gari, nambari ya usajili, jina, na mwathiriwa aliyekuwa tayari kusema. Jaji gani angewanyima kibali? Kibali hakiwazuii polisi wenye sababu. Kinawazuia wale wasio na sababu, na hao ndio James Otis alikuwa akiwazungumzia.

Mwaka 2018 Mahakama ya Juu ilianza kurudi nyuma, nusu hatua. Katika kesi ya Carpenter, FBI walikuwa wamechukua bila kibali kamili rekodi za minara ya simu zilizoonyesha mshukiwa alikuwa wapi kwa siku 127, jumla ya alama 12,898. Kwa kura 5 dhidi ya 4 mahakama ikasema hapo kibali kinahitajika. Nilifurahi, lakini hukumu ya 1979 haikufutwa. Kuna kitu kingine pia: Carpenter inazungumzia serikali kulazimisha kampuni. Je, serikali ikinunua? Ndiyo, mashirika ya serikali ya Marekani yamekuwa yakinunua data za mahali watu walipo kutoka kwa madalali, ambao nao huzipata kwenye programu za kawaida tu za hali ya hewa na michezo. Aprili 2024 Bunge la Wawakilishi lilipitisha mswada wa kuzuia jambo hilo, kura 219 kwa 199. Katika Seneti haukupita.

Sasa nifike ninapotaka. Tazama ni nani hasa aliyeongeza faragha ya Wamarekani katika miaka hii. Polisi wao walikuwa na mtindo wa kuchora duara kwenye ramani na kuiuliza Google: nani alikuwa humu saa hii? Katika uporaji mmoja wa benki huko Virginia mwaka 2019, duara lilikuwa la mita 150 kutoka katikati, na ndani yake kulikuwa na kanisa. Mahakama za rufaa zimeshindwa kukubaliana juu ya mtindo huo. Desemba 2023 Google ikatangaza kwamba historia ya mahali itaanza kuhifadhiwa kwenye simu ya mwenyewe badala ya kwenye seva zake. Duara likapoteza mtu wa kuulizwa. Kabla ya hapo, mwaka 2016, waliotengeneza Signal waliletewa hati ya mahakama ya kutaka habari za mtumiaji. Wakatoa walichokuwa nacho: tarehe akaunti ilipofunguliwa na tarehe ya mwisho ilipounganishwa. Hawakukaidi sheria. Hawakuwa na safu nyingine yoyote kwenye jedwali.

Mwaka jana mteja wangu mmoja alitaka programu yake ya kuagiza chakula ihifadhi mahali mnunuzi alipo kila baada ya sekunde 30, hata chakula kikishafika. Nikamwuliza za nini. "Wewe weka tu, tutajua mbele ya safari." Tulibishana wiki nzima. Kama programu ile ingetumika Houston au Richmond, safu hiyo moja ingeamua kama mtu anaweza kufuatiliwa hadi chumbani kwake, na angeiamua mtoto wa watu aliyekaa kwenye kiti cha plastiki hapa Nairobi, kabla jaji yeyote hajaulizwa. Hilo linanikera. Haki ya katiba haifai kutegemea tabia nzuri ya kampuni, kwa sababu Google iliyohamisha data mwaka 2023 inaweza kuirudisha ikitaka. Ni Congress iliyopaswa kuifanya kazi hiyo, na si Congress iliyoifanya.

Na sisi je? Mwaka 1990, katika kesi ya Verdugo-Urquidez, raia wa Mexico ambaye nyumba zake huko kwao zilipekuliwa na maafisa wa Marekani, Mahakama ya Juu ilisema Marekebisho ya Nne hayamlindi mgeni na mali yake iliyo nje ya nchi. Mahakama za rufaa zimeitumia hoja hiyo katika kesi za kifungu cha 702, sheria ya 2008 inayoruhusu kunasa mawasiliano ya wageni walio nje hata kama yanachotwa kwenye mitambo iliyoko Marekani kwenyewe. Mei 2014 tovuti ya The Intercept, ikitumia nyaraka za Edward Snowden, iliitaja Kenya pamoja na Mexico, Ufilipino na Bahamas kuwa nchi ambazo NSA ilikusanya rekodi za simu zake kwa mpango ulioitwa MYSTIC. Kifungu cha 31 cha katiba yetu ya 2010 kinampa kila mtu faragha ya mawasiliano, bila kuuliza ni raia wa wapi, lakini hakiwafungi majasusi wa Washington.

Kwa hiyo seneta Ron Wyden na wenzake wanapopigania kibali huko kwao, mimi niko upande wao kabisa, huku nikijua wakishinda watakuwa wamewashindia Wamarekani. Barua pepe yangu nimeshaanza kuihamisha. Imebaki ya miaka sita.