Somo la majiwe lisifukuze mutoto

Balimu banatayarisha masomo ya trimestri, na mwalimu mumoja wa darasa la tatu hapa Kolwezi alituletea kwenye sendika kaye yake ya matayarisho. Anataka kufundisha juma tatu juu ya majiwe ya udongo wetu. Akatuuliza: nitafanya namna gani bila kuumiza mutoto hata mumoja?

Ulizo ni la kweli. Katika darasa lake kuna batoto wa batumishi wa kompani, na kuna wengine, kisha masomo, banakwenda kusafisha majiwe mtoni. Mwalimu akisema tu « kazi hiyo ni mubaya », hao batajificha, na kesho kiti kitabaki bure. Sheria inakataza kazi ya batoto katika madini, na sisi tunaipinga kila siku. Lakini mutoto hana kosa: si yeye alileta njaa nyumbani.

Tunaona mpango wa mwalimu ni muzuri. Juma la kwanza: kutambua majiwe. Malakite, lile la kijani, liko na shaba; eterojenite, lile jeusi, liko na kobalti. Hapo mutoto wa mtoni anajua kupita bote, na atainua mukono. Juma la pili: mizani na hesabu. Mufuko wa kilo 25, kila kilo na bei yake, unafanya ngapi? Nyumba yenye mutu anayejua kusoma mizani, depo haiiibii kwa urahisi. Juma la tatu: vumbi, maji na mwili wa mutu. Na yote kwa Kiswahili kwanza, neno la Kifaransa lifuate. Sheria ya elimu ya 2014 inakubali lugha zetu.

Lakini kaye bila vyombo haifundishi. Tangu 2019 primeri ni bure, madarasa yamejaa, vitabu havikuongezeka namna ile ile. Kodi ya madini ya 2018 inaamuru kompani zitoe 0,3 % ya mauzo yao kwa maendeleo ya wenyeji. Siku ya kupanga feza hiyo, bazazi na balimu baikale kwenye meza, baombe mizani, vitabu na viti, si ukuta wa kupigia picha.

Sisi wa sendika tutaleta majiwe, na mustaafu mumoja wa kueleza vumbi lilimufanya nini. Kompani nazo zilete yao.