Kinywaji cha Nyama si Divai Peke Yake

Wafaransa wana ada yao mezani. Nyama ya ng'ombe au ya kondoo huandamana na divai nyekundu, kama ile ya Bordeaux. Chaza huandamana na divai nyeupe ya Chablis. Elimu hiyo imeenea duniani pamoja na mahoteli, na huku kwetu pwani imefika zamani.

Kwetu divai ni haramu, na Sura ya Maida, aya ya 90, imekwisha kata shauri. Sikukusudia kulifungua lililofungwa. Ninalolisema ni jingine: wako miongoni mwetu wanaodhani kwamba, maadamu tumekatazwa divai, basi tumekosa na elimu ya kuoanisha kinywaji na nyama. La hasha!

Tuitazame siri yenyewe. Divai nyekundu ina mambo mawili: ukali wa asidi, na tanini, yaani ule ukakasi utokao katika maganda na kokwa za zabibu. Mafuta ya nyama yakitanda ulimini, asidi huyakata na ukakasi huyafuta, tonge la pili likaja na ladha kama la kwanza. Basi asidi iliyo kuu katika zabibu huitwa tartariki, na hiyo hiyo ndiyo iliyojaa katika ukwaju, tunda ambalo Waarabu waliliita tende ya Hindi. Na tanini je? Imo katika chai ya rangi tuinywayo kila siku.

Kwa hivyo wazee wetu hawakubahatisha. Biriani ya mbuzi, yenye samli na vitunguu vya kukaanga, mwenziwe ni ukwaju. Kuku wa kupaka, kwa uzito wa tui lake, hutaka maji ya ndimu yenye tangawizi. Pilau ikiliwa na pilipili kali hupendeza kwa maziwa mala, kwani maziwa huzima moto wa pilipili ambao maji hayauwezi. Mishkaki iliyotoka mkaani, ipe chai ya rangi yenye sukari haba. Na sinia likiisha kuondolewa, dele la kahawa chungu lipite, kinywa kisafike.

Sasa tuziangalie karamu zetu. Sinia la biriani limezungukwa na chupa za soda. Chupa ya kola ya mililita 300 ina sukari ya gramu 30 na ushei, na mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri mtu mzima asizidishe kiasi cha gramu 50 kwa siku nzima. Lakini hata tukiiacha afya kando, utamu mtupu juu ya samli haukati kitu. Humkinaisha mtu kabla hajashiba.

Tena limezuka jambo jingine. Meza ya bwana arusi hupangwa chupa za maji ya zabibu, zenye shingo ndefu na karatasi ya dhahabu, zikafunguliwa kwa mshindo na kugonganishwa bilauri. Maji ya zabibu ni halali, simlaumu anayeyanywa. Ninalolisikitikia ni kwamba tumeiga umbo la tulichokatazwa, tukakiacha kiini ambacho tunacho majumbani mwetu.

Nawanasihi wenye shughuli, mabwana kwa mabibi: ukwaju hauna gharama kubwa. Uroweke katika maji ya vuguvugu, uuvuruge kwa mkono, uuchuje, utie tangawizi, sukari kwa kiasi na chembe ya chumvi, kisha uupoze. Waiteni mabinti na vijana wa kiume waone unavyofanywa, wauonje pamoja na nyama, na waambiwe sababu yake. Mapishi yakirithiwa bila ya sababu, siku si nyingi huachwa. Na elimu hii ni yetu. Haifai kufia mikononi mwetu.