Goma: Boliti ikikwama, nyundo si dawa

Katika garaji nyingi za kando ya barabara, boliti ya kumwagia oili ikikwama, fundi anakimbilia patasi na nyundo. Huo si ufundi, ni uharibifu! Boliti ni ya chuma, sanduku la injini ni aluminiumu laini. Likipasuka, motari anakaa bila kazi, na watoto wake wanalala njaa.

Tena kichwa kimelika kwa sababu gani? Kle ya 13 imelazimishwa kwenye kichwa cha 12.

Fundi wa kweli anatia mafuta ya kulegeza, anangoja. Ikikataa, anatoa tangi ya esanse, anakata betri, kisha anachomelea nati juu ya kichwa na kuifungua polepole.

Anayepasua sanduku alilipe yeye, si motari.