Kilo za Watu ni Haki za Watu

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake.

Ndugu zangu Waislamu, ziko dhambi ambazo watu huziona kubwa wakaziogopa, na ziko dhambi ambazo watu wamezizoea mpaka wamezitoa katika hisabu ya dhambi. Mtu hawezi kuingia dukani kwa jirani yake, akabeba kilo 5 za mchele, akaondoka bila ya kulipa. Atajiona mwizi, na watu watamwita mwizi. Lakini mtu huyo huyo husimama mbele ya mizani ya uwanja wa ndege akalishikilia sanduku lake kwa mguu ili lisikae lote juu ya mizani. Au humpa mwenzake mkoba mzito ausimamie kando, mizani ipite, kisha aurudie. Akimaliza hucheka na kusema, "Nimewapitisha!" Na pengine wakati huo yuko njiani kwenda Umra, talbia iko ulimini.

Najua wako watakaosema, "Sheikh, mambo ya ndege na kilo, dini yaingilia wapi?" Nasi twawajibu: dini iliyotufunza adabu ya kuingia chooni haikunyamaza juu ya mizani. Iko sura nzima katika Qur'ani, Suratul Mutaffifin, iliyopewa jina la wapunjao vipimo. Na kaumu ya Nabii Shuaib, watu wa Madyan, baada ya kuitwa katika tauhidi, jambo waliloambiwa waliwache lilikuwa ni kupunja vipimo na mizani. Hawakusikia, wakaangamizwa. Mwenye kudhani kwamba mizani ya sokoni ina Mungu na mizani ya uwanja wa ndege haina, huyo ajitazame imani yake.

Tena kisa cha kilo kimo katika Suratu Yusuf, lau tungezingatia. Ndugu zake Nabii Yusuf walipokwenda Misri kutafuta chakula wakati wa njaa, kila mtu alipewa shehena ya ngamia mmoja. Waliporudi kwa baba yao wakamtaka awape Binyamin waende naye, wakasema kwamba wakienda naye wataongezewa shehena ya ngamia mmoja zaidi. Tazameni! Hawakusema, "Tutamdanganya mpimaji." Walijua kwamba haki ni ya kichwa, na akizidi mtu huzidi shehena. Ndiyo kanuni hiyo hiyo ya ndege leo.

Basi tiketi ya ndege ni mkataba. Wewe umetoa pesa, na shirika limekuahidi kukuchukua wewe na mzigo wa kiasi maalumu. Kila mwanafunzi wa chuoni amefunzwa kwamba Waislamu hufungwa na masharti waliyoyakubali wenyewe, isipokuwa sharti lenye kuhalalisha haramu au kuharamisha halali. Na sharti la kilo halina haramu ndani yake.

Lakini mtu atatimiza vipi sharti asilolijua? Hapa ndipo wababa wengi wa nyumba walipolala. Mtu huwakatia tiketi watu sita, akatazama bei na saa ya kuondoka tu, basi. Sharti la mizigo limeandikwa kwenye tiketi, nalo si moja kwa mashirika yote. Ukiona 2PC, maana yake ni vipande viwili, na katika daraja la kawaida kila kipande mara nyingi hakizidi kilo 23. Ukiona 30K, maana yake ni kilo 30 kwa jumla, ugawe utakavyo. Na ziko tiketi za bei rahisi ambazo hazina mzigo wowote wa kupakiwa, ila mkoba wa mkononi tu. Vipande viwili vya kilo 23 si sawa na kusema kilo 46. Mwenye kuleta sanduku la kilo 30 na jengine la kilo 16 atatozwa kwa lile la kwanza, japokuwa jumla ni ile ile. Na sanduku la zaidi ya kilo 32 mashirika mengi hayalipokei kabisa, hata kwa malipo, kwa kuwa linavunja migongo ya mahamali.

Tuchukue mfano. Mtu anarudi Lamu kutoka Jeddah akiwa na mkewe, mama yake, watoto wawili, na mtoto mchanga wa kupakatwa. Tiketi ya kuja Nairobi imeandikwa 2PC kwa kila mtu. Basi watu watano wana vipande 10, nayo ni kilo 230. Amezijaza zote. Lakini tiketi ya kutoka Nairobi kwenda Lamu ameikata mbali, kwa shirika jengine lenye ndege ndogo, ambalo limempa kila mtu kilo 15. Watu watano ni kilo 75. Kilo 155 atazipeleka wapi? Lau safari yote ingekuwa katika tiketi moja, kwa kawaida sharti la mizigo lingekuwa moja mpaka mwisho. Lakini tiketi mbili ni mikataba miwili, na kila mwenye ndege ana sharti lake. Mtoto mchanga naye ana hukumu mbalimbali: huyu humpa kilo 10, huyu humpa kipande kimoja, huyu hampi kitu ila kigari chake. Na kuchanganya kilo za watu wa nyumba moja, wako wanaoruhusu na wako wasioruhusu. Haya yote huulizwa kabla ya safari. Kuyauliza mbele ya mizani, watu mia wako nyuma yako, ni kujifedhehesha na kuwaudhi wenzio.

Na katika ndege ndogo jambo ni zito zaidi. Rubani hufanya hisabu ya uzito wa watu, mizigo na mafuta kabla ya kuruka. Ukimficha kilo, umeitia uongo hisabu yake. Hapo umekwisha kutoka katika dhulma ya mali, umeingia katika kuzichezea roho za watu, na za wanao zikiwemo.

Sasa natoka kwenye haki ya shirika naingia kwenye haki iliyo karibu zaidi, nayo ndiyo iliyosahauliwa zaidi: haki ya watu wa nyumba yako mwenyewe. Mume husema, "Tuna vipande 10," kama kwamba vyote ni vyake. Vinane hujaza bidhaa zake za biashara, mablanketi na vitambaa, na mkewe na mama yake na watoto hubanwa katika vilivyobaki. Nimemwona kwa macho yangu bibi mtu mzima, amekalishwa kiti cha magurudumu, sanduku lake limefunuliwa chini mbele ya watu, kanga zake na dawa zake za presha zimetandazwa sakafuni, kwa sababu mwanawe alilijaza vyuma vya gari likapindukia kilo. Mama wa watu ameinamisha uso. Je, huku ndiko kumhiji mama, au ni kumfanya ngamia?

Atajibu, "Tiketi nimeinunua mimi." Ni kweli, na Mungu amlipe. Lakini ukishampa mtu zawadi imekuwa yake, pamoja na yaliyomo ndani yake. Ukitaka kilo za mama, muombe. Ukitaka kilo za mkeo, muombe. Na ombi liwe ombi la kweli, ambalo mtu aweza kulikataa. Wanavyuoni wametuonya juu ya mali ichukuliwayo kwa upanga wa haya, yaani mwenyewe ametoa kwa kuona aibu na moyo wake haukuridhia. Mali hiyo ni kama ya kunyang'anywa. Mkeo amenyamaza mbele ya jamaa zako, usidhani ameridhika.

Na kinyume chake ni kosa pia: yuko anayewanyima kilo watu wa nyumba yake, akazigawa bure kwa wasiokuwa wake. Mtu asiyemjua humjia uwanjani akamwambia, "Sheikh, una kilo? Nichukulie kifurushi hiki, mdogo wangu atakipokea." Naye kwa kutaka thawabu hukipokea bila ya kukifungua. Wazee wetu walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Walikusudia kwamba mtu huuona mwepesi mzigo asioubeba yeye. Mwenye kukupa kifurushi kwake ni usufi, na shingoni mwako ni jiwe. Mfanyakazi wa kaunta akikuuliza, "Mizigo hii umeifunga mwenyewe? Yote ni yako?" ukajibu "Ndiyo," umekwisha kusema uongo, na umekwisha kudhamini usichokijua. Karatasi iliyobandikwa kwenye sanduku ina jina lako. Mzigo ukifunguliwa, anayeitwa ni wewe.

Wala hili si la kutishana. Mnamo Desemba 2018, msichana mmoja mwanafunzi wa Nigeria alitoka Kano pamoja na mama yake na dada yake kwenda Umra. Akakamatwa Madina, kwani lilionekana begi lenye vidonge vilivyokatazwa, limebandikwa jina lake. Begi halikuwa lake. Wahalifu huko kwao alikotoka ndio waliotumia jina lake. Alikaa kizuizini mpaka Aprili 2019, baada ya serikali yake kuingia kati, ndipo akaachiwa. Huyo hakupokea kifurushi cha mtu, na yalimfika. Je, wewe unayekipokea kwa mkono wako, katika nchi ambayo mwenye kuingiza madawa ya kulevya aweza kuhukumiwa kifo, ukaandamana na wanao? Amana ni kitu kitukufu, lakini amana ni ya kitu ukijuacho, kutoka kwa mtu umjuaye. Kifurushi usichokifungua usikipokee, na mwenye kuona haya kukifungua mbele yako, mrudishie.

Tuyarudie maneno ya wenye kujitetea. Husema, "Shirika lina pesa nyingi, kilo 5 zangu zitalipunguzia nini?" Twawajibu: haki haiwi halali kwa utajiri wa mwenyewe. Lau ingekuwa hivyo, kumwibia tajiri kungekuwa ibada. Tena ndani ya ndege hiyo wamo wenzako waliolipia kilo zao za ziada kwa jasho lao. Wewe umepanda juu ya migongo yao.

Husema pia, "Wao ndio wezi, wametuficha masharti." Katika hili wana sehemu ya haki, nami sitawaficha. Wakala anayemuuzia mtu wa kijijini tiketi na kumwambia "una kilo 46" bila ya kumweleza hisabu ya vipande, au akamkatia tiketi mbili bila ya kumwambia kwamba ya pili ina kilo 15, huyo amefanya ghushi. Na shirika linaloandika bei kwa herufi kubwa na sharti la mzigo kwa herufi za chungu, mashaka yake ni yale yale. Dai haki yako, andika malalamiko. Na sheria iko: kwa Mkataba wa Montreal wa 1999, mzigo wako ukiharibiwa unatakiwa uandike malalamiko ndani ya siku 7, na ukicheleweshwa ndani ya siku 21 tangu ulipokabidhiwa. Mdhulumiwa ana mlango wa kuingilia. Lakini dhulma yake haikuhalalishii wewe hila.

Na mwisho, tuulizane: kilo zote hizi ni za nini? Hapa ndipo penye mzizi. Mtu amekwenda kwenye nyumba ya Mwenyezi Mungu, nusu ya siku zake amezimaliza madukani, kwa kuogopa kwamba akirudi na sanduku moja watu watasema. Kila shangazi lazima apate kanga ya sala, kila jirani msala, kila mtoto saa. Zawadi ni suna na hutia mapenzi, hapana shaka. Lakini zawadi iliyopitishwa kwa hila, au iliyonunuliwa kwa deni, au iliyomfedhehesha mama uwanjani, baraka yake iko wapi? Hata maji ya zamzam watu huyaficha kwenye masanduku baina ya nguo, hali ya kuwa yana utaratibu wake: chupa rasmi ya lita 5 iliyofungwa kwa safari, na mashirika mengine huichukua nje ya hisabu ya kilo. Maji ya baraka hayapitishwi kwa ujanja. Wenye kungoja zawadi nao wamche Mungu. Mpokeeni hujaji kwa dua, msimpokee kwa kumtazama mizigo.

Basi nawausia baba wa nyumba, kwani kila mchunga ataulizwa juu ya alichokichunga. Soma tiketi ya kila mtu, na ya kila ndege, kabla ya kununua chochote. Shika sharti lililo dogo kuliko yote katika safari yako, ulifanye hilo ndilo kipimo. Mpe kila mtu wa nyumba yako sanduku lake, hata mtoto, ajue kwamba ana haki. Dawa za wazee na maziwa ya mtoto viwe katika mkoba wa mkononi. Pima nyumbani kwa mizani ya kweli. Kilichozidi, kilipie au kiwache.

Safari za ndege ni za saa chache, na mizani yake ni ya chuma. Mbele yetu iko safari ambayo hapana kilo za kuazima, hapana wa kukusimamia mkoba kando, na mizani yake haipotoki kwa uzito wa chembe. Anayejizoeza uaminifu kwenye hii, atapata wepesi kwenye ile.

Twamuomba Mwenyezi Mungu atujaalie tule halali, tubebe halali, na tusafiri katika radhi zake. Amin.