Mapipa Mawili na Mkono wa Jaani





Jamaa zetu walioko bara, hasa Kitale na Bungoma, wamekuwa wakituandikia kwa majuma kadhaa juu ya jambo ambalo sikudhani lingezua maneno mengi hivi: mapipa ya taka. Si lile pipa moja tulilolizoea, linalokaa nyuma ya mlango likamwagwa likijaa. Ni mapipa mawili, pengine matatu, ya rangi mbalimbali. Moja la maganda na mabaki ya chakula, jingine la chupa, makopo na karatasi. Nyumba nyingine zimewekewa na mwenye ploti, nyingine zimeletewa na vijana wanaozoa taka kwa malipo, na wengine wamejinunulia wenyewe baada ya kusikia habari za sheria. Kila nyumba ina lake la kusema, nami nitayaleta maneno yao bila kutaja majina.

Mama mmoja wa Kitale ameandika kwamba pipa alilopewa lilikuwa jipya na zuri mno hata akaona ni dhuluma kulitia uchafu. Akalitia mahindi, na taka akaendelea kuzitia ndooni. Simlaumu; Trans-Nzoia ni nchi ya mahindi, na chombo chenye kifuniko cha kuzuia panya ni mali. Mwingine, mpangaji wa Bungoma, asema ploti yao ina vyumba kumi na mapipa mawili, na kila asubuhi hukuta nepi za watoto zimelala juu ya maganda ya viazi. Akiuliza, hakuna aliyeziweka. Bibi mmoja mtu mzima ametucheka sote. Asema hajapata kuchanganya taka tangu alipoolewa: maganda ya ndizi kwa ng'ombe, ukoko kwa kuku, majivu shambani, chupa huoshwa zikatiwa maziwa. Haoni anafundishwa nini kipya.

Barua iliyonigusa zaidi ni fupi, na ina hasira ndani yake. Mwandishi wake ni mama wa watoto wanne. Amekuwa akitenganisha taka kila siku, akiwafundisha na watoto, mpaka siku aliyosimama mlangoni akaona lori limekuja, mapipa yote mawili yakamiminwa mahali pamoja. Anauliza: "Sheikh, kazi yangu ilikuwa ya nini?"

Swali hili lina haki ya kujibiwa vizuri.

Sheria yenyewe ipo. Ni Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022, nayo inataka taka zisizo za hatari zitengwe, zinazooza mbali na zisizooza mbali, na ziwekwe katika vyombo vyenye alama na rangi. Mwezi wa Aprili 2024 mamlaka ya mazingira, NEMA, ikatangaza tena kwamba taka zinazooza zitiwe katika mifuko inayooza pamoja nazo, si mifuko ya plastiki. Hayo ni wajibu juu yetu. Lakini upande wa pili pia una wajibu. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 42, imempa kila mtu haki ya mazingira safi, na kazi ya kuzoa taka imewekwa mikononi mwa serikali za kaunti. Kwa hiyo anayekutaka utenganishe kisha akachanganya mbele ya macho yako ana deni kwako, na mwenye deni huambiwa. Kaunti huita wananchi kutoa maoni juu ya bajeti yake, na vikao hivyo aghalabu hujaa wanaume wanaozungumzia barabara. Akina mama wa darsa wakienda kumi pamoja, wakataja siku na mahali lori lilipochanganya, watasikiwa zaidi kuliko mmoja anayelalamika mlangoni.

Basi dada yetu yuko kwenye haki katika lawama yake. Ninakataa lile analotaka kuamua baada ya lawama, yaani kuacha.

Kitale kuna jaa linaloitwa Machinjoni. Magazeti ya nchi hii yameandika zaidi ya mara moja habari za watoto wanaochakura humo, wengine wakitafuta plastiki na vyuma vya kuuza, wengine wakitafuta chakula. Tunawaita chokoraa, jina la dharau, nao ni watoto wa watu, na huenda miongoni mwao wamo wa ndugu zetu Waislamu. Tulitie hili akilini: taka haiendi "huko" peke yake. Ikitoka mlangoni kwako huingia mkononi mwa kijana wa lori, kisha mkononi mwa mnunuzi wa chupa, kisha mkononi mwa mtoto wa Machinjoni, na mara nyingi mikono hiyo haina glavu. Lori likichanganya, chupa uliyoiosha bado ni chupa safi. Gilasi iliyovunjika uliyoifunga kwa gazeti na kuitia ndani ya kopo bado imefungwa. Wembe ulioutia ndani ya kisanduku bado umo kisandukuni. Hapa lori haliwezi kukuharibia amali yako.

Mtume (s.a.w.) ameihesabu kazi ya kuondoa udhia njiani kuwa tawi la imani, japokuwa ni tawi la chini kabisa. Alikusudia mwiba, jiwe, mfupa. Nasi leo udhia hatuuachi njiani tu, twaufunga ndani ya mfuko mweusi tukampelekea mtu auguse bila kuuona.

Nataka niseme neno juu ya sindano, kwa sababu sioni anayelisema. Wazee wetu wengi wana ugonjwa wa sukari na hujidunga nyumbani. Sindano hizo zisitiwe katika pipa lolote kati ya hayo mawili. Zitiwe katika chombo kigumu chenye kifuniko, kama kopo la dawa, kikijaa kipelekwe kituo cha afya. Anayechomwa na sindano asiyoijua mwenyewe hukaa na hofu miezi mingi, na huenda akapata maradhi ambayo wewe hutajua kamwe kwamba yalitoka kwako.

Tena kuna mto. Maji yanayotoka Mlima Elgon na milima ya Cherangani hukusanyika yakawa Nzoia. Mto huo hupita Webuye, ukapita Mumias, ukaingia Ziwa Victoria upande wa Budalang'i. Mfuko uliotupwa mtaroni Kitale mvua ikinyesha hauna pa kwenda ila huko, kwa watu wanaochota, wanaotawadha na wanaovua. Sisi wa Pwani tusijione wasafi, kwani bahari imekwisha kutufedhehesha. Mwaka 2018 mafundi wa Lamu, wakiongozwa na fundi Ali Skanda, walishusha majini jahazi la Flipflopi. Lilijengwa kwa takribani tani 10 za plastiki, likavishwa patipati zipatazo 30,000, au champali kama tuitavyo sisi, nyingi zikiwa zimeokotwa fukweni. Mwaka 2019 likasafiri hadi Zanzibar, na mwaka 2021 likapelekwa Ziwa Victoria. Watu walilishangilia kwa uzuri wa rangi zake. Mimi kila nikiona picha yake hujiuliza ni champali ngapi humo zilizotoka miguuni mwetu.

Wale wasemao kwamba watu hawatabadilika, na wakumbuke tarehe 28 Agosti 2017, siku mifuko ya plastiki ya kubebea ilipopigwa marufuku nchini. Watu walisema haiwezekani: samaki watabebwa na nini, nyama itafungwa na nini? Vikapu vilivyokuwa vimetundikwa kwa ajili ya wageni kupiga picha vikarudi sokoni, na wasukaji wakapata riziki. Madaktari wa mifugo walikuwa wamekwisha kutueleza kwamba ng'ombe machinjioni walikutwa na mifuko ya plastiki tumboni. Nyama hiyo ndiyo tuliyokuwa tukila.

Sasa tuingie jikoni, maana humo ndimo mna jibu jingine kwa dada yetu. Zaidi ya nusu ya taka za nyumbani katika miji yetu ni mabaki ya vyakula na majani. Hizo hazina haja ya kulingoja lori. Kitale na Bungoma kuna ardhi na mvua ambazo sisi wa Mombasa, kwenye nyumba za ghorofa, twazitamani. Shimo dogo nyuma ya nyumba, maganda, majani makavu juu yake, majivu kidogo, na baada ya miezi kadhaa una mboji ya kutia kwenye sukuma wiki na kunde. Asiye na uwanja, jirani mwenye ng'ombe atamshukuru, ila ahakikishe hakuna mfuko wala kipande cha waya ndani yake. Yule bibi aliyetucheka alikuwa na haki ya kucheka.

Bora zaidi ni kutokitupa chakula kabisa. Israfu katika kula na kunywa imekatazwa waziwazi katika Suratul Aaraf, aya ya 31, lakini nendeni mkatazame nyuma ya nyumba za harusi zetu: biriani imemwagwa kwa masufuria, sahani za kutupa na chupa za maji zimetapakaa. Wazee wetu walikula sinia moja watu sita, na karamu ilipokwisha palibaki mifupa ya paka. Siwaoni kuwa walikuwa nyuma.

Juu ya nepi, ambazo zimewagombanisha wapangaji wa ile ploti ya Bungoma: haziozi, wala hakuna anayezinunua, kwa hiyo haziingii katika mapipa hayo mawili. Zatakiwa pipa la tatu lenye kifuniko. Kabla ya kuitupa, najisi iliyomo imwagwe chooni, kisha ikunjwe na kufungwa vizuri. Na visodo vifungwe vivyo hivyo, kwa staha. Wanaopenda kuzika nywele na kucha waendelee, wanazuoni wengi wamelipenda jambo hilo. Lakini wasifanye kwa hofu ya wachawi wanaopekua mapipa.

Swali la karatasi limeulizwa na zaidi ya mmoja. Pipa la karatasi ni jema kwa maboksi, magazeti na madaftari ya hesabu. Karatasi zenye aya za Qur'ani au jina la Allah, zikiwemo daftari za madrasa, kalenda za msikiti, kadi za harusi zenye Bismillahi, na hili jarida lenu mnalolisoma sasa, hazitiwi humo zikachanganyika na uchafu. Kuna wanazuoni waliopendelea zizikwe mahali pasipokanyagwa, zimefungwa kwa kitambaa safi. Wengine wamejuzisha kuzichoma mpaka ziwe jivu, kwa kufuata alivyofanya Sayyidna Uthman (r.a.) alipowakusanya watu kwenye msahafu mmoja na kuamuru nyinginezo zichomwe. Anayeweza kuzikata mpaka isibaki herufi inayosomeka naye amezihifadhi. Yafaa kila madrasa iwe na kasha lake, wazazi walete huko, na mwalimu asimamie mwisho wa muhula. Ruhusa hii ya kuchoma ni ya karatasi; plastiki isichomwe uani, kwani moshi wake ni sumu na wa kwanza kuuvuta ni watoto wako.

Nimeona pia kwamba barua zote zimeandikwa na wanawake. Waume zao wanatupa wapi? Bibi Aisha (r.a.) alipoulizwa Mtume alifanya nini nyumbani kwake, alieleza kuwa alikuwa katika kuwahudumia ahli zake. Mwanamume anayemaliza maji, akaitupa chupa juu ya maganda, kisha akaenda msikitini kusikiliza mawaidha ya usafi, amemwachia mkewe kazi mara mbili.

La mwisho limetoka kwa mama wa Bungoma. Msichana anayemsaidia kazi za nyumbani amekuwa akikusanya chupa za plastiki kutoka pipa la pili, anaziosha, na kila zikijaa gunia anamuuzia mnunuzi anayepita. Mama anauliza kama fedha hizo ni zake yeye mwenye nyumba, kwa kuwa maji aliyanunua yeye. Jibu ni kwamba kitu alichokitupa mwenyewe kwa hiari, akiwa hana haja nacho tena, amekitoa katika milki yake, na aliyekiokota akakifanyia kazi ndiye mwenye nacho. Fedha ni za msichana. Wala zisihesabiwe kuwa sehemu ya mshahara wake, wala asipunguziwe kitu mwisho wa mwezi kwa sababu yake. Kama mama anazitaka chupa zake, na amwambie leo kwamba kuanzia sasa hazitupi, aziweke kando na kuziosha mwenyewe.