Mtoto Akatae Ugali, Apewe Chai?

Mwezi huu sitaandika juu ya mbolea wala magonjwa ya kuku. Nataka tuzungumze juu ya mtoto wa miaka miwili ambaye, akiwekewa ugali na managu, hufumba kinywa akageuza uso ukutani. Hapa Riruta Satellite watoto wa namna hii ni wengi, na akina mama husema, "Huyu wangu hapendi chakula." Maneno hayo mimi siyakubali.

Tazama jinsi siku ya mtoto huyo ilivyopita. Saa kumi na mbili asubuhi, kabla mama hajatoka kwenda kazini, alipewa kikombe cha chai ya maziwa yenye sukari nyingi, na andazi. Saa nne alilia, basi yule aliyeachiwa mtoto akamnunulia biskuti dukani ili anyamaze. Mchana chai tena, kwa kuwa ilibaki kwenye chupa. Jioni baba alipofika alikuwa na krispi mfukoni. Kisha saa mbili usiku twashangaa kwamba hataki ugali! Chakula cha mtoto wa umri huo kwa wakati mmoja hakizidi sana kikombe cha mililita 250. Kikombe hicho kikisha kujazwa chai, managu yatakaa wapi?

Tena chai ina hasara nyingine isiyoonekana kwa macho. Ndani ya majani yake mna kitu kinachoshikana na madini ya chuma yaliyo katika mboga na maharagwe, yasiingie mwilini vizuri. Mtoto anayenyweshwa chai pamoja na chakula huweza kupungukiwa na damu hata kama chakula chenyewe kilikuwa chema. Mpe maji safi, au maziwa, na chai iwe ya watu wazima.

Jambo la pili, wazazi wengi hawajui ya kwamba mtoto wa mwaka wa pili hupunguza hamu ya kula kwa tabia yake. Mtoto aliyezaliwa akiwa na kilo 3 hufikia kilo 9 hivi akitimiza mwaka mmoja. Katika mwaka wa pili huongeza kilo 2 na nusu hivi tu. Mkulima hashangai akiona mahindi yakienda juu upesi kisha yakatulia, lakini kwa mtoto wake hushikwa na hofu, na kwa hofu hiyo hufanya mambo mawili mabaya: ama humpa chochote atakacho, ama humlisha kwa nguvu.

Juu ya kulisha kwa nguvu nitasema waziwazi. Wako wanaomlaza mtoto magotini, wakambana pua, wakammiminia uji. Uji huo huweza kuingia katika njia ya pumzi na kumwua. Na asipokufa, hujifunza kwamba kikombe na kijiko ni adui. Bibi zetu walifanya hivyo, najua, na sisi tungali hai. Lakini si kila desturi ya zamani ifaa kuhifadhiwa.

Mwalimu yeyote wa darasa la kwanza ajua kuwa mtoto hashiki herufi kwa siku moja. Chakula ni vivyo hivyo. Wataalamu waliochunguza jambo hili Marekani tangu miaka ya 1980 waliona kwamba mtoto huenda akahitaji kuonjeshwa chakula kipya mara nane, kumi, hata kumi na tano, ndipo akikubali. Wengi wetu hukata tamaa mara ya pili. Basi weka kidogo tu, kama ncha ya kidole, kando ya chakula alichokizoea. Asipokula, ondoa bila maneno. Kesho kutwa weka tena. Wewe chagua ni chakula gani na kitaliwa saa ngapi. Yeye na achague kiasi cha kula.

Wengine watanijibu, "Mtoto mwenyewe ajua mwili wake unataka nini, mwache achague." Kuanzia mwaka 1926 daktari mmoja wa Marekani, Clara Davis, alijaribu hivyo hasa. Watoto wachanga 15 waliwekewa vyakula vya kila namna, wakaachwa wachague wenyewe, nao walikua wakiwa na afya njema. Lakini angalia kilichokuwa mbele yao: nyama, mayai, maziwa, nafaka, matunda na mboga. Sukari haikuwapo, wala biskuti. Uhuru wa kuchagua ni mzuri pale ambapo vyote vilivyowekwa ni vizuri. Dukani kwetu sivyo.

Nanyi akina baba, mtoto huwatazama. Baba akisukuma kando sahani ya terere akisema hicho ni chakula cha ng'ombe, mama atapoteza kazi yake ya mwezi mzima. Kaeni pamoja mle kitu kimoja, ila mtoto awe na sahani yake mwenyewe, ili ijulikane amekula kiasi gani. Katika sahani moja na kaka zake hashindi.

Sasa kwa wakulima wenzangu wa Dagoretti, Kikuyu na Limuru. Iko biashara moja isiyonipendeza hata kidogo: mtu kuuza mayai yote na maziwa yote, kisha kwa fedha ile ile kununua soda na mkate mweupe kwa ajili ya watoto. Yai moja libaki nyumbani kwa ajili ya mdogo. Asiye na kuku anunue omena, azioshe, azikaange na kuzisaga, kisha atie kijiko kimoja katika mboga. Avokado iliyopondwa haihitaji hata moto, nayo ni nzuri sana kwa mtoto anayekula kidogo, maana ina mafuta mengi. Njugu zisagwe, kwa sababu njugu nzima humkaba mtoto mdogo. Na zenye ukungu zitupwe, wala zisipelekwe kinuni kuchanganywa na unga wa uji. Sumu ya ukungu si mchezo: mwaka 2004 watu 125 walikufa Ukambani kwa kula mahindi yaliyoharibika.

Aliyepanga chumba kimoja na hana ardhi atumie gunia. Watu wa Kibera wamefanya hivyo kwa miaka mingi. Jaza udongo na samadi iliyooza, weka mawe madogo katikati kutoka chini hadi juu ili maji yapite, toboa matundu ubavuni, panda sukuma wiki matunduni na terere juu. Usitumie maji ya mtaro. Mwache mtoto achume jani mwenyewe. Nimeona wengi wakila walichochuma, ingawa jana yake walikitema.

Lakini kuna kukataa chakula ambako si ukaidi. Mtoto akiacha kula ghafula, akawa na homa au kuhara, au miguu ikavimba na nywele zikawa nyepesi za rangi ya wekundu, hiyo ni kazi ya kliniki. Huko watampima mkono kwa utepe. Ukiwa chini ya sentimeta 11 na nusu, hali ni ya hatari na matibabu huanza mara moja. Chukua kile kijitabu cha mama na mtoto, uulize pia kama amepata matone ya vitamini A, ambayo hutolewa kila miezi sita tangu mtoto atimizapo miezi sita hadi anapokaribia miaka mitano. Usingoje mwisho wa mwezi, wala usianze na dawa za kununua barabarani.